Binti yangu ameitwa kuigiza vichekesho vya televisheni. Je, asaini?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Busia, upande wa Uganda, nauza vitenge karibu na mpaka. Binti yangu wa pili ana miaka 23. Tangu mwaka juzi amekuwa akijirekodi kwa simu akiigiza mwanamke anayebadilisha pesa mpakani. Amempa jina Bi Chenji, na watu wanampenda mpaka Malaba na ng'ambo Kenya. Sasa kampuni moja ya Kampala inataka kumpeleka Bi Chenji kwenye kipindi cha televisheni. Wameleta mkataba wa miaka 3 na wanataka asaini kabla mwezi haujaisha. Ndani yake kuna kifungu kinachosema mhusika, jina lake na kila kitakachorekodiwa ni mali ya kampuni. Kingine kinamkataza kufanya kazi nyingine yoyote ya uchekeshaji bila ruhusa yao. Baba yake amekataa kabisa, anasema kuchekesha watu ni uhuni na binti anayechekwa hadharani hapati heshima. Majirani nao wananiambia nimwache aende, atatajirika kama Kansiime. Je, hii ni kazi ya kumtunza mtu maisha yake yote, au nimrudishe chuo cha ualimu? Na huo mkataba ni wa kawaida?"

Mama, nakusalimu kwa heshima, na asante kwa kuandika kwa kirefu. Wazazi wengi hunitafuta mambo yakiwa yameshaharibika, mkataba umesainiwa na kipindi kiko hewani. Wewe umekuja mapema, na hilo peke yake limempa binti yako nafasi nzuri.

Umeniuliza mambo mawili, na hapo nyumbani naona yameshikana mpaka yamekuwa ugomvi mmoja. La kwanza ni kama uigizaji wa vichekesho ni kazi ya kumlisha mtu. La pili ni huo mkataba. Nayatenganisha, maana majibu yake hayafanani. Kazi ni kazi kweli, na kama binti ana moyo nayo sioni sababu ya kumzuia. Mkataba, kwa jinsi ulivyonieleza, asiusaini ulivyo.

Niseme kwanza habari ya Kansiime, kwa sababu jina lake hutajwa katika kila nyumba yenye msichana anayechekesha, na mara nyingi hutajwa vibaya. Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda, alizaliwa 1986 upande wa Kabale, akasoma shule ya wasichana ya Bweranyangi kule Bushenyi, kisha Makerere akatoka na shahada ya sayansi ya jamii. Mwaka 2007 alijiunga na kikundi cha Theatre Factory kilichokuwa kikionyesha michezo National Theatre, Kampala. Kikundi kilipovunjika, yeye na wenzake wakaendelea na Fun Factory. Ndipo akachukuliwa na kipindi cha Minibuzz, na baadaye Citizen TV ya Kenya ikampa kipindi chake mwenyewe, Don't Mess with Kansiime. Vipande vyake akawa anaviweka YouTube, na kufikia mwisho wa 2014 vilikuwa vimetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Kuanzia jukwaa la 2007 mpaka hapo ni miaka 7, na mwanzo wake ulikuwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio na ambao wasipocheka unawasikia wasivyocheka. Majirani wanaosema "atatajirika kama Kansiime" wameiruka miaka hiyo yote.

Lakini kuna jambo lingine katika safari yake ambalo ningependa ulitazame kwa makini zaidi kuliko pesa. Mwanamke yule mkali anayewachachafya watu kwenye vichekesho vyake anaitwa Kansiime, na yeye mwenyewe anaitwa Kansiime. Hakuna kampuni inayoweza kusema mhusika abaki na mwigizaji aende zake, kwa kuwa jina la mhusika ndilo jina lake yeye. Binti yako hana kinga hiyo. Bi Chenji ni jina la kubuni, na kwa kifungu hicho ulichonisomea, mwakani kampuni inaweza kumvalisha msichana mwingine leso ileile na kumkabidhi kopo lilelile la pesa, na huyo ndiye akawa Bi Chenji. Binti aliyemzaa mhusika atakatazwa kuigiza sauti aliyoitunga mwenyewe jikoni kwenu. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewaona wasanii wazuri wakifika mahali hapo, tena wasichana zaidi kuliko wavulana, maana wao huambiwa washukuru tu kwamba wameonekana.

Suala la nani anamiliki si geni katika kazi hii. Mmoja wa waigizaji wa vichekesho wanaotajwa zaidi katika historia ya televisheni, Lucille Ball wa Marekani, alizaliwa 1911, na kipindi chake I Love Lucy kilianza Oktoba 1951, akiwa na miaka 40. Kabla ya hapo alikuwa amecheza filamu nyingi ndogo ambazo hazikumfikisha mbali. Kituo cha CBS na mdhamini walitaka kipindi kirushwe moja kwa moja kutoka New York. Yeye na mumewe, Desi Arnaz, wakataka kubaki Hollywood na kukirekodi kwa filamu, mbele ya watazamaji, kwa kamera tatu. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa malipo yao, na badala yake filamu zikabaki mali ya kampuni yao, Desilu. Wakati huo vipindi vya marudio havikuwa biashara ya maana, na wengi hawakuona thamani ya kile walichokiomba. Baadaye waliziuza filamu hizo kwa CBS kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1962 Lucille alinunua hisa za Desi na kuiongoza studio mwenyewe, na 1967 akaiuza kwa dola milioni 17. Binti yako hana nguvu ya mazungumzo kama yao, najua. Alichonacho ni Bi Chenji aliyekwisha kupendwa kabla kampuni haijabisha hodi, na hicho ndicho kilichowaleta Busia.

Sasa nikueleze pesa zenyewe zinavyotembea, ndipo uone kwa nini kifungu cha pili kinanitisha karibu kama cha kwanza. Kituo cha televisheni kinaishi kwa matangazo. Mtayarishaji hupeleka kipindi kituoni akalipwa kiasi fulani kwa kila sehemu, au hupewa muda hewani naye atafute mdhamini wake. Akishalipia kamera, taa, mahali pa kurekodia, usafiri, chakula na mhariri, kinachobaki ndicho cha waigizaji. Mdhamini akichelewa, mtayarishaji huchelewa, na mwigizaji huchelewa zaidi. Wengi hulipwa kwa sehemu au kwa siku ya kurekodi, kwa hiyo miezi isiyo na kurekodi haina malipo. Kipindi kikirudiwa, au kipande kikiwekwa kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni na kutazamwa nchi nzima, mwigizaji hapati kitu isipokuwa mkataba umesema apate.

Ndiyo maana waigizaji wengi wa vichekesho hapa kwetu hawaishi kwa malipo ya televisheni. Televisheni huwapa sura inayojulikana, na sura hiyo ndiyo huitwa kuongoza kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, na harusi, kuzindua duka, kutangaza sabuni, kupanda jukwaani mwisho wa wiki. Humo ndimo kodi ya nyumba inamotoka. Mkataba unaomkataza kazi nyingine yoyote ya uchekeshaji kwa miaka 3 unampa umaarufu kisha unamfungia njia zote za kuutumia. Kampuni ikitaka asionekane kwenye kipindi cha kituo kingine katika muda huo, hilo ni ombi la haki na ningelikubali. Kumzuia asiongoze sherehe ya jirani yenu Jumamosi si haki, labda kama wanamlipa mshahara wa kila mwezi unaolingana na kizuizi hicho. Waulize: mshahara huo uko ukurasa gani?

Na video zake za simu? Hizo nazo zina hesabu yake. YouTube humkubali mtu kwenye mgao wa matangazo akifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kwa njia ya video fupi. Pesa hazitumwi mpaka zifike dola 100. Watazamaji wa Uganda huleta kidogo kuliko wa Ulaya au Marekani, kwa kuwa watangazaji hulipa kidogo kuwafikia. Kisha kuna kodi ya Marekani: ile sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko kule hukatwa asilimia 30 kwa mtu wa Uganda, kwa sababu nchi yetu haina mkataba wa kodi nao, na asipojaza fomu ya kodi anaweza kukatwa hata katika mapato ya watazamaji wa kwingine. Usitegemee njia hii imtoe kimaisha mwaka huu. Ukurasa wenyewe hata hivyo ni wake, na usiingie kwenye mkataba. Wakitaka kuweka vipande vya kipindi, wafungue ukurasa wao.

Hapa nina jambo la kumwambia baba, na ningeomba umsomee taratibu, si wakati mmekasirikiana. Mzee, wasiwasi wako nauheshimu. Umewaona watu wanaochekesha kwa matusi na kwa kujidhalilisha, na hutaki binti yako awe hivyo. Lakini mtazame binti huyu anachofanya. Mteja amenyoosha mkono anangoja chenji. Bi Chenji anafungua kopo, anahesabu noti kwa midomo, anamtazama mteja, anahesabu tena, anafunga kopo. Halafu ananyamaza. Halafu anasema: "Chenji sina. Chukua peremende." Kicheko kinatoka kwenye ule ukimya, kati ya kopo kufungwa na neno peremende. Akiwahi kidogo tu, hakuna anayecheka. Akichelewa, mteja anaonekana mjinga na watu wanamhurumia badala ya kucheka. Huo ni ufundi, na hauna uhuni ndani yake. Kila mtu aliyepita Busia amewahi kupewa peremende badala ya chenji, na anacheka kwa sababu amejiona yeye mwenyewe.

Kwenye televisheni ufundi huo unakuwa mgumu zaidi. Jukwaani watu hukucheka na unajua umepatia. Chumba cha kurekodia kiko kimya, mafundi wamekatazwa kutoa sauti, na tukio lilelile hurudiwa kwa picha ya mbali, kisha ya karibu, kisha upande wa mteja. Kila mara kopo lifungwe kwenye neno lilelile, mkono uwe uleule, la sivyo mhariri hawezi kuziunganisha picha. Mwigizaji anabeba kichwani kicheko ambacho hakuna anayekitoa. Nimefanya kazi na wasanii walioshangiliwa ukumbini wakashindwa na ukimya huo siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kusaini, binti aombe siku moja ya majaribio mbele ya kamera zao, alipwe, na mseme wazi kwa maandishi kwamba kilichorekodiwa siku hiyo hakitarushwa. Atajifunza kama anaipenda kazi yenyewe au anapenda kupendwa tu.

Kuhusu heshima na umri, muulize mzee kama anamkumbuka Mama Kayai. Ninyi mnaokaa mpakani mmekuwa mkishika mawimbi ya Kenya tangu zamani. Mary Khavere alimwigiza Mama Kayai kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, pamoja na Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang aliyefariki 2015, na familia nzima ilikaa kumtazama, watoto na mashemeji. Alikuwa mke na mama wa nyumbani mwenye maneno, bila tusi. Vichekesho vina baraka hiyo: mwanamke hatupwi akipata mvi, kinyume na zile tamthilia za mapenzi zinazotafuta sura mpya kila msimu. Shangazi, jirani mmbeya, mama mkwe, mwenye duka, wote wanahitaji mtu mzima. Hatari iko upande mwingine: akicheza Bi Chenji peke yake kwa miaka, waandaaji watasahau kwamba anaweza kitu kingine. Kila mwaka atafute kazi moja ndogo isiyofanana nayo, hata kama malipo ni madogo. Tena sababu moja zaidi ya kukikataa kile kifungu cha kumfungia.

Twende kwenye sheria. Sheria ya Uganda ya haki miliki ya 2006 hailindi wazo tupu. "Mwanamke wa mpakani asiye na chenji" ni wazo, na mtu mwingine anaweza kulitumia. Kinacholindwa ni kazi yenyewe ikishatiwa katika umbo: video alizorekodi, maneno aliyoyaandika, namna alivyomjenga mhusika humo ndani. Ulinzi huo hauhitaji kusajiliwa ndipo uwepo, ila usajili katika Ofisi ya Huduma za Usajili Uganda, URSB, humpa cheti cha kuonyesha siku ya mabishano. Jina Bi Chenji linaweza pia kuombewa usajili kama alama ya biashara, ambayo kwanza hudumu miaka 7 kisha huongezwa. Na hapa ndipo watu hujikwaa: sheria hiyohiyo husema kazi inayotungwa na mwajiriwa kazini ni ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Akisaini kama mwajiriwa, kila kitu kipya atakachomtungia Bi Chenji ndani ya miaka hiyo 3 kitaelekea kwa kampuni hata kile kifungu kikifutwa. Kwa hiyo haitoshi kufuta. Lazima iandikwe kwamba mhusika ni wake.

Wanayoweza kupewa ni ruhusa ya kumtumia. Wewe una biashara mpakani, utalielewa hili upesi: mtu anakodi kibanda chako sokoni, anauza, anapata faida yake, muda ukiisha anakurudishia ufunguo. Hati haibadilishi jina. Binti aiambie kampuni: nawaruhusu kumtumia Bi Chenji katika kipindi hiki, kwa msimu huu, kwenye vituo hivi, na hakuna mwigizaji mwingine atakayemcheza bila mimi kukubali kwa maandishi. Sehemu zilizorekodiwa ziwe za kampuni, hilo ni sawa, wao ndio waliolipia kamera. Yeye apate malipo kila zinaporudiwa, na fungu lake zikiuzwa nchi nyingine au kuwekwa mtandaoni. Miaka 3 iwe msimu mmoja wenye nafasi ya kuongeza, na malipo yapande wakiongeza. Iandikwe analipwa ndani ya siku ngapi baada ya kurekodi, na kwamba asipolipwa kwa muda fulani yuko huru kuondoka na mhusika wake. Jina lake litajwe kama mtunzi wa Bi Chenji, siyo mwigizaji tu.

Watakubali yote? Sidhani. Kampuni ndogo nyingi huuleta mkataba mkali kwa sababu waliunakili mahali, wala si kwa nia mbaya, na hulegeza ukiuliza. Nyingine zitasema kuna wasichana kumi wanaoingoja nafasi hiyo. Mambo mawili asiyaachie hata wakisema hivyo: umiliki wa Bi Chenji na uhuru wa kufanya kazi za nje. Pesa ya kila sehemu anaweza kuilegeza, hasa msimu wa kwanza. Wakiyakataa hayo mawili kabisa, bado kuna njia ya tatu ambayo wengi huisahau. Anaweza kwenda kwenye kipindi chao akicheza mhusika mwingine watakayemtunga wao, huyo awe mali yao kwa haki yote, na Bi Chenji abaki Busia. Atapata sura, atajifunza kamera, na hatapoteza kitu.

Ualimu nao usiutupe. Kansiime alimaliza shahada yake huku akiigiza. Kama binti anapenda darasa kweli, asome, na kipindi kinarekodiwa kwa awamu za siku chache ambazo mara nyingi zinaweza kupangwa. Kama chuo cha ualimu ni kimbilio la baba tu, basi mweleze baba kwamba Makerere kuna idara ya sanaa za maonyesho na filamu, na kwamba mtu anaweza kutoka huko na cheti kinachoheshimika pande zote mbili. Na Kiswahili chake ni mtaji. Waigizaji wengi wa Kampala hawawezi kuchekesha kwa Kiswahili, na yeye anaingia sebuleni Nairobi na Dar bila mkalimani. Kwenye mazungumzo hayo asikiseme kama jambo dogo.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kuyamaliza. Mkataba wenyewe upelekeni kwa wakili aliyesajiliwa, auone kwa macho, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na viambatisho. Mimi nimejibu kwa vifungu viwili ulivyonieleza, na mara nyingi kifungu kibaya zaidi hukaa nyuma. Kwa usajili, URSB wana ofisi Mbale, hamna haja ya kufika Kampala. Bebeni video za kwanza kabisa zikiwa na tarehe zake, na msifute kitu kwenye simu ile ya zamani.

Akiitwa usiku, au hotelini, au akiambiwa alipe ili apate nafasi, asiende, na kama kuna mtu aliyemgusa au kumtisha, nendeni na binti mkaripoti polisi siku hiyohiyo. Msimwache abebe peke yake. Na ile sauti nyembamba ya Bi Chenji ikitumika siku nzima huumiza koo. Apumzike, anywe maji, asiilazimishe sauti iliyokauka. Ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki tatu, amwone daktari wa masikio, pua na koo, wala asitibu kwa tangawizi peke yake.

Mwisho wa mwezi waliouweka ni wao waliouweka. Mwandikieni mtayarishaji leo kwamba binti anaitaka kazi, anapeleka mkataba kwa wakili, na anaomba wiki mbili. Ombi hilo na jibu lake viwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na muutunze.